Ugomvi wa Walowezi wa Marekani na Dola ya Uingereza, 1763–1776: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo wanafunzi wa historia, walimu wao na wasomaji wengine huyarudia kila mada hii inapojitokeza. Yameanzia kwenye misingi na kuishia kwenye yale yenye utata. Kila jibu linaweza kusomwa peke yake, na pale jambo lilipokwisha kuelezwa, msomaji anaelekezwa kwenye swali husika. Katika majibu yote, "Bunge" ni Bunge la Uingereza lililoketi London, na "baraza" ni chombo cha kutunga sheria cha koloni lenyewe.

## Misingi

1. Makoloni 13 yalikuwa yapi, na walowezi wake walikuwa watu gani?

Ni New Hampshire, Massachusetts, Rhode Island, Connecticut, New York, New Jersey, Pennsylvania, Delaware, Maryland, Virginia, North Carolina, South Carolina na Georgia, yote yakiwa upande wa mashariki wa Amerika Kaskazini. Kufikia mwaka 1775 yalikuwa na watu wapatao milioni 2.5. Wengi walikuwa wazao wa wahamiaji kutoka Uingereza, Uskoti, Ireland na Ujerumani. Takriban mtu mmoja kati ya watano alikuwa mwenye asili ya Afrika, na karibu wote hao walikuwa watumwa.

Jambo la kulishika tangu mwanzo ni namna makoloni haya yalivyotawaliwa. Kila moja lilikuwa na baraza lililochaguliwa na wanaume wenye mali, na baraza hilo ndilo lililopitisha kodi za ndani. Gavana, ambaye katika makoloni mengi aliteuliwa na mfalme, alikuwa na mamlaka makubwa kisheria, lakini mara nyingi mshahara wake ulitoka katika fungu lililopigiwa kura na baraza, na gavana mkaidi aliweza kujikuta akisubiri malipo yake kwa muda mrefu. Aliyeshika mfuko wa fedha ndiye aliyeshika serikali, na kwa vizazi kadhaa walioushika walikuwa walowezi. Karibu kila mzozo unaoelezwa hapa chini ni juhudi ya London kuuchukua mfuko huo, au juhudi ya walowezi kuung'ang'ania.

2. Je, kabla ya mwaka 1763 palikuwa na amani kati yao na Uingereza?

Palikuwa na kuvumiliana. Tangu mwaka 1651 Bunge lilipitisha mfululizo wa sheria za usafirishaji baharini zilizotaka biashara ya makoloni ifanywe kwa meli za Waingereza au za walowezi wenyewe, na bidhaa kama tumbaku na sukari ziuzwe ndani ya dola tu. Kwa sehemu kubwa sheria hizo ziliwafaa walowezi, kwa kuwa ziliwapa soko la uhakika na ulinzi wa jeshi la wanamaji.

Zile zisizowafaa zilikwepwa. Mwaka 1733 Bunge liliweka ushuru wa peni 6 kwa kila galoni ya molasi iliyotoka katika visiwa vya kigeni. Watengenezaji wa ramu wa Massachusetts na Rhode Island walihitaji molasi ya visiwa vya Ufaransa, na laiti ushuru huo ungelipwa kikamilifu ungeiua biashara yao. Kwa hiyo maofisa wa forodha walipewa kitu kidogo, mapipa yakashushwa, na kwa miaka 30 mambo yakaenda hivyo huku London ikijua. Walowezi walizoea kuona hali hiyo kuwa ndiyo haki yao, ilhali serikali iliiona kuwa ni ulegevu utakaokomeshwa siku moja.

3. Kwa nini wanahistoria huanzia mwaka 1763?

Kwa sababu mwaka huo, kwa Mkataba wa Paris uliotiwa saini tarehe 10 Februari, Uingereza ilimaliza vita vya miaka saba dhidi ya Ufaransa ikiwa mshindi mwenye madeni. Deni la taifa, ambalo kabla ya vita lilikuwa karibu pauni milioni 75, lilikuwa limevuka pauni milioni 130. Ufaransa ilikuwa imeachia Kanada, na serikali ikaamua kuacha Amerika jeshi la kudumu la askari wapatao 10,000, ambao gharama zao zilipaswa kutoka mahali fulani.

Ushindi huo ulibadilisha pia hesabu za walowezi. Maadamu Wafaransa walikuwa Quebec, mlowezi wa New York au Massachusetts alimhitaji askari wa mfalme. Wafaransa walipoondoka, alianza kujiuliza askari huyo anabaki kumlinda nani. Kisha tarehe 7 Oktoba 1763 mfalme George wa Tatu alitoa tangazo la kuzuia walowezi kuhamia magharibi ya milima ya Appalachia (tazama swali la 15).

## Kodi

4. Uingereza ilitoa hoja gani kuhalalisha kodi hizo?

Hoja yake haikuwa ya kipuuzi, na mwanafunzi anayeipuuza hataielewa historia hii. Vita vilipiganwa kwa sehemu kuwalinda walowezi. Askari waliobaki walikuwa katika ardhi yao. Na Mwingereza wa kawaida alitozwa kodi nyingi kuliko mlowezi, zikiwemo kodi za stempu zilizokuwapo Uingereza tangu mwaka 1694. Waziri George Grenville hakuwataka walowezi walipe deni lote la vita. Alitaka wachangie sehemu ya gharama za jeshi lililokuwa kwao.

Alianza na Sheria ya Sukari ya mwaka 1764, ambayo kwa kweli ilipunguza ushuru wa molasi kutoka peni 6 hadi 3, lakini safari hii ushuru huo ulikusudiwa kukusanywa. Manowari zilianza kukamata magendo, na washtakiwa waliweza kupelekwa mbele ya mahakama za kibahari, ambamo jaji aliamua peke yake bila jopo la raia. Wafanyabiashara walinung'unika, watu wengine bado hawakuguswa.

5. Sheria ya Stempu ilikuwa nini, na kwa nini iliwasha moto mkubwa hivyo?

Ilipitishwa mwezi Machi 1765 ianze kutumika tarehe 1 Novemba. Ilitaka karatasi za shughuli za kila siku ziwe zimepigwa mhuri wa kodi: hati za mahakama, mikataba, leseni, magazeti, almanaka. Shahada ya chuo ilitozwa pauni 2, pakiti ya karata shilingi 1, na dadu shilingi 10. Malipo yalitakiwa yawe kwa fedha ya Uingereza, ambayo katika makoloni ilikuwa haba.

Tofauti na ushuru wa bandarini, kodi hii iliingia ndani ya nyumba. Iliwagusa kwa mkupuo mmoja mawakili, wachapishaji wa magazeti na wenye vilabu vya pombe, yaani watu wenye kalamu, wenye mitambo ya kuchapa na wenye kumbi ambamo watu hukutania. Ni vigumu kufikiria kodi ambayo ingewaunganisha haraka zaidi watu wenye sauti.

Huko Boston, asubuhi ya tarehe 14 Agosti 1765, wapita njia walikuta sanamu ya Andrew Oliver, aliyeteuliwa kugawa stempu, ikining'inia juu ya mti mkubwa. Jioni umati ukaibeba mitaani, ukabomoa jengo lililosemekana kuwa litakuwa ofisi ya stempu, na Oliver akaahidi kujiuzulu. Siku 12 baadaye umati mwingine uliivamia nyumba ya shemeji yake, naibu gavana Thomas Hutchinson. Milango ilivunjwa kwa mashoka, kuta za ndani zikabomolewa, fedha na vyombo vikachukuliwa, na miswada ya historia ya Massachusetts aliyokuwa akiiandika ikatupwa matopeni. Hutchinson mwenyewe hakuwa ameifurahia kodi hiyo, na aliwahi kuiambia London kwamba haikuwa ya busara. Tukio hilo halina cha kutetewa, na viongozi wengi wa upinzani wa wakati huo waliliona hivyo pia.

Kufikia tarehe 1 Novemba karibu wagawaji wote wa stempu walikuwa wamejiuzulu. Mwezi Oktoba wajumbe wa makoloni 9 walikutana New York na kuandika malalamiko ya pamoja, na wafanyabiashara wakasusia bidhaa za Uingereza. Wenzao wa London walipoona maagizo yanakauka waliliomba Bunge lirudi nyuma, na tarehe 18 Machi 1766 sheria ikafutwa.

6. Kama ilifutwa, kwa nini ugomvi haukuisha?

Kwa sababu siku hiyohiyo ilipitishwa sheria nyingine iliyotamka kwamba Bunge lina mamlaka ya kuyatungia makoloni sheria katika jambo lolote lile. Walowezi walisherehekea kufutwa kwa stempu na wengi hawakuitilia maanani sheria ya pili. Yaani London iliondoa kodi na kubakiza madai, na walowezi walipata nafuu bila kupata haki waliyoidai.

7. Je, kodi hizo zilikuwa kubwa kweli?

Hapana. Kwa kipimo cha wakati ule zilikuwa ndogo, na walowezi walikuwa miongoni mwa watu waliotozwa kidogo zaidi katika dola nzima. Wanaosema kwamba Wamarekani waliasi kwa sababu walikamuliwa hadi wakafukarika wanakosea. Kilichopingwa ni nani aliyeitoza. Aliyekubali kulipa peni moja kwa amri ya Bunge ambalo hakulichagua alikuwa amekubali, kisheria, kwamba Bunge hilo linaweza kumtoza pauni 100 mwaka ujao. Jibu hili ndilo ufunguo wa swali la 11 kuhusu chai.

8. "Hakuna kodi bila uwakilishi": je, walowezi walitaka viti katika Bunge la London?

Wengi hudhani hivyo, lakini walowezi walio wengi hawakuvitaka. Mkutano wa New York wa mwaka 1765 ulieleza kwamba kutokana na hali ya makoloni, hayawezi kuwakilishwa katika Bunge la Uingereza. Kutoka Boston hadi London kwa meli ya matanga kulichukua wiki kadhaa, na wabunge wachache kutoka Amerika wangezidiwa kura kila mara huku uwepo wao ukihalalisha kodi zote. Walichokitaka ni kwamba kodi zao zitungwe na mabaraza yao, kama ilivyokuwa zamani.

Serikali ilijibu kwamba walowezi wanawakilishwa tayari, kwa kuwa kila mbunge anawakilisha raia wote wa dola, si waliompigia kura tu. Ikaongeza kwamba hata Manchester na Birmingham, miji mikubwa ya Uingereza yenyewe, haikuwa na mbunge wake. Walowezi wakajibu kwamba kama Manchester haina mbunge, basi ipewe. Kwa maoni ya mwandishi, hoja ya serikali ilikuwa dhaifu kwa sababu moja iliyo rahisi kuiona: mbunge aliyeongeza kodi ya Birmingham aliiongeza na ya kwake pia, ilhali aliyeongeza kodi ya Boston alijipunguzia mzigo.

9. Sheria za Townshend zilikuwa na tofauti gani na zile za kwanza?

Charles Townshend, waziri wa fedha, alisikia kwamba walowezi wanapinga kodi za ndani lakini wanavumilia ushuru wa bandarini. Mwaka 1767 akaweka ushuru kwenye vioo, madini ya risasi, rangi, karatasi na chai zinazoingia Amerika. Jambo zito lilikuwa matumizi ya fedha hizo: zilikusudiwa kulipia mishahara ya magavana na majaji. Msomaji aliyesoma swali la 1 ataona mara moja maana yake, kwani gavana anayelipwa na London halihitaji tena baraza.

Upinzani wa safari hii ulikuwa na nidhamu zaidi, na uliwategemea sana wanawake, jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka mno. Kususia nguo za Uingereza kulimaanisha kwamba mtu fulani asokote nyuzi na kufuma kitambaa nyumbani, na mtu huyo alikuwa mwanamke. Katika miji ya New England, yaani makoloni ya kaskazini kama Massachusetts na Connecticut, wanawake walikusanyika na magurudumu yao ya kusokotea, mara nyingi nyumbani kwa mchungaji wa kanisa, wakishindana kuanzia asubuhi hadi jioni. Kuvaa kitambaa kigumu cha nyumbani kukawa alama ya heshima. Bila kazi yao, maazimio ya wafanyabiashara yangebaki maneno matupu.

## Damu na chai

10. Nini kilitokea Boston tarehe 5 Machi 1770?

Mwezi Oktoba 1768 vikosi vya jeshi vilikuwa vimeshushwa Boston, mji wa watu wapatao 16,000, ili kuwalinda maofisa wa forodha. Askari wa cheo cha chini walilipwa kidogo, na walipokuwa nje ya zamu walitafuta vibarua kwa ujira mdogo kuliko wa wenyeji, kwa hiyo chuki ilikuwa ya mkate pia, si ya siasa peke yake. Usiku wa tarehe 5 Machi umati ulimzunguka askari mmoja wa lindo mbele ya ofisi ya forodha, ukimrushia mabonge ya theluji na barafu. Wenzake walikuja kumsaidia, bunduki zikalia, na watu 5 wakafa, akiwemo Crispus Attucks, baharia mwenye asili ya Afrika na ya wenyeji wa asili wa Amerika.

Wakili aliyewatetea askari hao alikuwa John Adams, mpinzani wa serikali ambaye baadaye alikuwa rais wa pili wa Marekani. Nahodha Thomas Preston na askari 6 waliachiwa huru. Wawili walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia wakachomwa alama kwenye kidole gumba. Siku ileile ya mauaji, huko London, waziri mkuu Lord North alikuwa akilitaka Bunge lifute ushuru wa Townshend isipokuwa wa chai. Habari hizo mbili zilipishana baharini.

11. Chai ya mwaka 1773 ilikuwa nafuu kuliko zamani. Kwa nini waliimwaga?

Kampuni ya India ya Mashariki ilikuwa karibu kufilisika, ikiwa na akiba ya chai ya China ya ratili zipatazo milioni 17 kwenye maghala yake. Mwezi Mei 1773 Bunge liliiruhusu ipeleke chai moja kwa moja Amerika kupitia mawakala iliowachagua, bila mnada wa London na kwa kurudishiwa ushuru uliolipwa Uingereza. Bei ikashuka hata chini ya chai ya magendo ya Waholanzi. Ushuru wa Townshend wa peni 3 kwa ratili ukabaki palepale.

Unafuu huo ndio uliowatia hofu. Mlowezi akinunua chai hiyo kwa sababu ni rahisi, amelipa kodi ya Bunge kwa hiari yake, na mabishano ya miaka 8 yamekwisha bila yeye kujua. Palikuwa na maslahi pia: wafanyabiashara wa kawaida na wa magendo waliachwa nje, na miongoni mwa mawakala waliochaguliwa Boston walikuwamo wana wawili wa Hutchinson, ambaye sasa alikuwa gavana.

Huko New York na Philadelphia meli zilirudishwa Uingereza na mizigo yake. Boston ilikwama kwa sababu ya kanuni moja ya forodha. Meli Dartmouth ilifika mwishoni mwa Novemba, na ikiwa ushuru haukulipwa ndani ya siku 20, forodha ilikuwa na haki ya kuutaifisha mzigo. Umati haukuruhusu chai ishushwe, na Hutchinson hakuruhusu meli iondoke bila kulipa. Siku ya mwisho kabla ya muda kuisha, tarehe 16 Desemba, maelfu ya watu walijaa katika ukumbi wa ibada wa Old South wakisubiri Francis Rotch, aliyeiwakilisha familia yenye meli hiyo, arudi kutoka kwa gavana. Alirudi giza limeshaingia, na jibu lilikuwa hapana.

Wanaume zaidi ya 100, baadhi yao wakiwa wamejipaka masizi na kujifunga mablanketi wafanane na Wamohawk, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili, walishuka hadi gati la Griffin na kuingia katika meli tatu, Dartmouth, Eleanor na Beaver. Kwa muda wa saa tatu hivi walivunja makasha 342 kwa shoka na kumwaga chai ya thamani ya karibu pauni 9,659. Maji yalikuwa yamekupwa, kwa hiyo chai ilirundikana kandokando ya meli, na wengine wakawa wanaisukuma mbali zaidi. Hawakugusa mizigo mingine.

12. Serikali ya Uingereza ilijibuje?

Mwaka 1774 ilipitisha sheria za adhabu. Bandari ya Boston ilifungwa kuanzia tarehe 1 Juni hadi chai ilipwe. Hati ya utawala ya Massachusetts ilibadilishwa, wajumbe wa baraza la juu wakawa wateule wa mfalme, na mikutano ya miji ikazuiwa isipokuwa mmoja kwa mwaka bila idhini ya gavana. Maofisa walioshtakiwa kwa kuua wakiwa kazini waliweza kuhamishiwa kesi zao nje ya koloni. Jenerali Thomas Gage akafanywa gavana.

London ilitarajia kuitenga Boston na makoloni mengine yaogope, lakini ilikuwa kinyume. South Carolina ilipeleka mchele, Connecticut ikapeleka kondoo, na tarehe 5 Septemba 1774 wajumbe wa makoloni 12, yote isipokuwa Georgia, walikutana Philadelphia katika Kongresi ya kwanza. Kongresi hiyo iliamua kususia bidhaa za Uingereza kuanzia tarehe 1 Desemba, na ikataka kila mji uunde kamati ya kusimamia uamuzi huo. Kamati hizo zilikagua madaftari ya maduka na kutangaza majina ya wakaidi magazetini. Zilikuwa serikali kabla hazijaitwa serikali.

## Kutoka malalamiko hadi kujitenga

13. Ni lini hasa walowezi waliamua kujitenga?

Wengi waliamua wakiwa wamechelewa sana. Vijijini Massachusetts utawala wa mfalme ulikuwa umeanguka tangu kiangazi cha mwaka 1774: tarehe 6 Septemba wanamgambo zaidi ya 4,600 walijipanga katika barabara kuu ya Worcester na kuwalazimisha majaji na maofisa wa mahakama wapite kati yao, kofia mkononi, wakisoma kwa sauti tamko la kujiuzulu, tena na tena ili kila kundi lisikie. Tukio hilo linastahili kujulikana kuliko linavyojulikana, kwa kuwa halikuwa na risasi hata moja. Risasi zilisikika tarehe 19 Aprili 1775 huko Lexington na Concord, pale askari wa Gage walipokwenda kukamata silaha.

Hata hivyo, mwezi Julai 1775, vita vikiwa vimeshaanza na George Washington akiwa ameshapewa jeshi, Kongresi ilimpelekea mfalme ombi la kupatana. Mpaka hapo walowezi walilaumu Bunge na mawaziri, wakiamini kwamba mfalme angewaelewa. Jibu lake la tarehe 23 Agosti lilikuwa kutangaza kwamba wameasi, na mwezi Desemba Bunge likapiga marufuku biashara yao yote. Januari 1776 kijitabu cha Thomas Paine kikasema waziwazi kile ambacho wengi waliogopa kukisema: kwamba tatizo ni ufalme wenyewe. Kongresi ilipiga kura ya uhuru tarehe 2 Julai 1776, na tarehe 4 ikapitisha maandishi ya Azimio la Uhuru, ambayo lawama zake nyingi zinamlenga mfalme.

14. Je, walowezi wote waliunga mkono uhuru?

La. Sehemu kubwa ilibaki tiifu kwa mfalme, nyingine ilitaka kuachwa ilime kwa amani, na waliotii walipakwa lami na manyoya, walinyang'anywa mali au walifukuzwa. Baada ya vita watu wapatao 60,000 waliondoka, wengi wakienda Kanada. Ugomvi ulipasua hadi familia: William Franklin, mwana wa Benjamin Franklin, alikuwa gavana wa mfalme huko New Jersey, akakataa kuasi, akafungwa, na baba na mwana hawakupatana tena kwa dhati. Uingereza nako hakukuwa na sauti moja. William Pitt na Edmund Burke walitetea maridhiano Bungeni hadi mwisho.

## Maswali yenye utata

15. Wenyeji wa asili wa Amerika walikuwa na nafasi gani katika ugomvi huu?

Walikuwa katikati yake. Tangazo la mwaka 1763 lilitolewa wakati mataifa ya eneo la Maziwa Makuu, yakiongozwa na watu kama Pontiac, yalipokuwa yakipigana na Waingereza, na London haikutaka gharama ya vita vingine. Kwa wenyeji, mstari wa Appalachia ulikuwa kinga, japo dhaifu. Kwa walowezi na walanguzi wa ardhi, akiwemo Washington, ulikuwa kikwazo. Azimio la Uhuru linamlaumu mfalme kwa kuzuia ugawaji wa ardhi mpya, na linawaita wenyeji washenzi wasio na huruma. Uhuru wa walowezi ulikuwa pia uhuru wa kuvuka mstari huo.

16. Walioasi kwa jina la uhuru walimiliki watumwa. Watumwa wenyewe walifanya nini?

Waliwashika kwa maneno yao. Mwaka 1773 na 1774 watumwa wa Massachusetts walipeleka maombi kwa gavana na baraza wakidai haki ileile ya asili ambayo mabwana zao waliidai kwa Bunge. Tarehe 7 Novemba 1775 Lord Dunmore, gavana wa Virginia, alitangaza kuwaacha huru watumwa wa waasi watakaojiunga na jeshi la mfalme. Yeye mwenyewe alimiliki watumwa, na nia yake ilikuwa ya kivita, lakini mamia walitoroka kumfuata, na wengi wao waliuawa na ndui kambini. Katika rasimu ya Azimio, Thomas Jefferson, naye mmiliki wa watumwa, alikuwa amemlaumu mfalme kwa biashara ya utumwa. Kongresi iliifuta sehemu hiyo, hasa kwa kuzijali South Carolina na Georgia.

Kisa cha Harry Washington kinaonyesha mambo haya kuliko nadharia yoyote. Alikuwa Mwafrika aliyefanywa mtumwa katika shamba la George Washington huko Mount Vernon, akatoroka kwenda upande wa Waingereza. Mwaka 1783 jina lake liliandikwa katika daftari la Weusi wapatao 3,000 waliosafirishwa kutoka New York, wengi wao kwenda Nova Scotia. Walipocheleweshewa ardhi na kubaguliwa huko, karibu watu 1,200, naye akiwamo, walipanda meli mwezi Januari 1792 kwenda Afrika Magharibi na kuanzisha Freetown, Sierra Leone. Kampuni iliyotawala huko iliwatoza kodi ya ardhi waliyoahidiwa kuwa ya bure. Mwaka 1800 baadhi yao waliasi, wakashindwa, na Harry Washington akawa miongoni mwa waliohukumiwa kuhamishwa. Bwana wake wa zamani alikuwa amefariki mwezi Desemba 1799.

17. Kwa nini Kanada na Jamaica hazikujiunga?

Quebec ilikuwa na Wakatoliki wasemao Kifaransa, ambao Sheria ya Quebec ya mwaka 1774 iliwahakikishia dini na sheria zao za kiraia, na hawakuwa na sababu ya kuwaamini Waprotestanti wa Boston. Jamaica na Barbados zililalamikia kodi pia, na huko St Kitts na Nevis watu walichoma stempu mwaka 1765. Lakini katika visiwa hivyo watumwa walikuwa wengi kuliko mabwana kwa mbali, na wenye mashamba ya miwa walilitaka jeshi la mfalme karibu.

18. Je, ugomvi huu unafanana na harakati za uhuru za Afrika Mashariki?

Kidogo tu. Waliopinga kodi ya kichwa au waliopigana Maji Maji mwaka 1905 walikuwa wenyeji waliotekwa katika ardhi yao, ilhali walioasi Marekani walikuwa walowezi. Mfano wa karibu zaidi ni walowezi wa Kenya: mwaka 1922 na 1923, walipoona London inataka kuwapa Wahindi haki zaidi, baadhi yao walipanga njama ya kumteka gavana. Waraka wa Devonshire wa Julai 1923 ulitamka kwamba maslahi ya Waafrika yatangulie, ingawa kwa vitendo walowezi waliendelea kupendelewa.

Ulinganisho ulio wazi kuliko wote ni Rhodesia. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru kwa maandishi yaliyoiga mwanzo wa Azimio la mwaka 1776, yakiacha maneno ya usawa wa binadamu na ya ridhaa ya watawaliwa. Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza mwezi Desemba mwaka huo kwa sababu London haikuchukua hatua za kutosha kumwangusha Smith.

19. Je, kodi zilipungua baada ya uhuru?

Hapana. Katika miaka ya 1780 Massachusetts iliwatoza wakulima wake kodi nzito kuliko zile za wakati wa mfalme ili kulipa madeni ya vita, na mwaka 1786 wakulima wa magharibi ya jimbo hilo, Daniel Shays akiwa mmoja wa viongozi wao, walizifunga mahakama kwa nguvu kama ilivyofanyika Worcester. Mwaka 1794 wakulima wa magharibi ya Pennsylvania waliasi dhidi ya kodi ya wiski, na Rais Washington akaitisha wanamgambo wapatao 13,000 kuwazima. Serikali iliwajibu waasi wote hao kwamba kodi hizi, tofauti na za London, zilipitishwa na wawakilishi waliowachagua wenyewe.